Gari Lililopata Tisini na Sita

Wanafunzi wake walimwita Nusu-Alama, na hawakumwonea. Mwalimu yule aliweza kukupa nusu alama kwa jibu sahihi kwa sababu mwandiko wako umelala chali, kisha akakunyang'anya hiyo nusu kwa sababu umelalamika. Alistaafu na kalamu nyekundu mfukoni na hata nyumbani hakuiweka chini. Mkewe akipika, yeye huonja, hufumba macho kama mtu anayesikiliza redio ya mbali, kisha hutamka, "Saba kwa kumi." Mkewe humjibu, "Na wewe kama mume ni nne, nilikupitisha kwa huruma tu."

Basi usishangae kwamba mtu wa namna hiyo, siku alipopigwa, alipigwa kwa alama.

Mambo yalianzia kwa mama yake. Marehemu baba alikuwa dereva wa bosi. Miaka yote ya kazi aliendesha gari moja jeusi, refu, lenye pua kama ya mtu anayejisikia na taa za nyuma zilizochomoza kama mapezi ya samaki. Mara mojamoja, bosi akiwa mkutanoni, alipita nalo nyumbani kuchukua chakula. Mama alitoka akalitazama. Hakuruhusiwa hata kuegemea. Baba alimwambia, "Kile kiti cha nyuma si chetu, mke wangu. Lakini nikistaafu nitatafuta letu kama hili, utakaa nyuma, na mlango nitakufungulia mimi." Akafa kabla ya kustaafu, kama wafanyavyo watu wengi wenye ahadi nzuri.

Mama hakuwahi kulalamika. Alikuwa mtu wa mzaha, miguu yake imechoka lakini ulimi bado una afya. Ila kila gari jeusi refu lilipopita mtaani, aliacha alichokuwa akisema hadi lipotee kwenye kona.

Sasa dada mkubwa wa Mwalimu, anayeishi mwendo wa siku nzima kwa basi, alikuwa amepiga simu kumdai mama. "Umekaa naye vya kutosha," alisema. "Mama si shamba la mirathi ulimiliki peke yako. Jumamosi mlete kituoni." Na kwa miguu ile ya mama, wote walijua, ingawa hakuna aliyesema, kwamba akienda hatakuwa mtu wa kurudi tena kwa urahisi. Mwalimu akaapa moyoni kwamba mama ataondoka nyumbani kwake akiwa amekaa kiti cha nyuma cha gari jeusi refu.

Akaliona kwenye simu. Kampuni ilijiita Tunu za Magurudumu, na ilikuwa ikiuza mtandaoni magari ya zamani kwa watu wanaoyapenda kuliko wanavyoyajua. Tangazo lilisema: "Gari la wakusanyao vya kale. Limetunzwa kama yai. Mmiliki mmoja, mzee mwangalifu, alilitumia kwenda ibadani na kurudi." Katika kila picha jua lilikuwa linazama, kana kwamba gari lile halijawahi kufikiwa na saa sita ya mchana. Na chini ya picha, alama ya tiki ya kijani kubwa kama jani la mgomba, na maneno: "Limekaguliwa na mkaguzi huru. Matokeo: tisini na sita kwa mia."

Mwalimu akasimama. Akavaa miwani. Akakaa.

Mkewe, aliyekuwa muuzaji katika duka la vifaa vya ujenzi, alirudi kutoka kazini akamkuta anatabasamu na simu kama kijana aliyepata mchumba.

"Nimelipata," alisema.

"Umeliona?"

"Nimeliona."

"Wapi?"

Mwalimu akamwonyesha. Mkewe akaangalia, akaangalia tena, akaweka mkoba chini.

"Mwalimu, hii ni simu. Mimi dukani simuuzii mtu hata kipande cha bomba kabla hajafumba jicho moja akachungulia tundu la upande wa pili. Wewe unataka kununua gari zima kwa kuchungulia kioo?"

"Sichungulii, nasoma ripoti. Limepata tisini na sita."

"Hata mbuzi wa kwenye gunia akipewa kalamu atajipa tisini na sita."

"Hujanielewa. Hebu tazama zile nne zilizokatwa." Mwalimu akafungua ripoti kwa heshima, kama mtu anayefunua uso wa bi harusi. "Kisahani cha majivu kimepasuka ukingoni. Saa ya mbele imesimama. Kifuniko cha kisanduku cha dashibodi hakikazi. Zulia limefifia. Basi. Sasa nikuulize: mtu anayekata alama kwa sababu ya kisahani cha majivu, ataiacha injini?"

Mkewe akakaa, si kwa sababu amekubali, bali kwa sababu amechoka kusimama.

"Mimi nimesahihisha mitihani maisha yangu yote," Mwalimu akaendelea. "Msahihishaji mvivu anatoa mia kwa mia ili awahi kwenda kulala. Huyu wa tisini na sita amesoma kila mstari. Huyu ni mkali. Huyu ni mwenzangu."

Na hapo ndipo palipo kosa lenyewe, kosa ambalo fundi asingelifanya, mchuuzi asingelifanya, hata mlevi wa kona asingelifanya, kwa kuwa wote hao wangeuliza kwanza, "Linawaka?" Mwalimu hakuuliza kama linawaka. Aliuliza kuhusu kisahani cha majivu. Alimwandikia muuzaji ujumbe mrefu wenye aya na vituo, akidai kwamba ufa ule unastahili punguzo. Muuzaji akakubali upesi mno, na Mwalimu akaona amemkamata pabaya. Akalipa, akalala usingizi wa mshindi.

Gari lilikuja juu ya lori asubuhi ya Alhamisi. Dereva wa lori, mtu mwenye shingo fupi na haraka ndefu, alishuka akafungua minyororo.

"Mzee wangu, ufunguo huu hapa."

"Hulishushi kwa kuliendesha?"

"Mimi nimelipwa kulileta. Kushuka linashuka lenyewe."

Na kweli lilishuka lenyewe. Liliteleza juu ya mbao, likapinda bila kushauriwa, likasogea ukutani taratibu kama ng'ombe anayetafuta pa kujikuna, likasimama limeziba geti la nyumba kwa ubavu, mlango wake wa nyuma ukiwa sawasawa na uwazi wa geti. Kisha magurudumu yakakaza. Walisukuma, halikutikisika. Dereva wa lori akaliangalia kwa namna ya kulistahi.

"Breki zake zina akili," alisema. "Njia nzima zilikuwa hazishiki. Zimengoja mpaka nyumbani."

Akapanda lori lake akaondoka.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hiki hata kujitembeza hakikuweza.

Mwalimu aliingia, akakaa kwenye usukani, akavuta pumzi, akazungusha ufunguo. Injini ikasema "tk", kama mtu aliyeulizwa deni. Akazungusha tena. Haikurudia hata hilo. Akasema labda breki zikikanyagwa zitaachia, akakanyaga kwa nguvu, na mguu wake ukaendelea kwenda. Ukapita breki, ukapita zulia lililofifia, ukapita mahali ambapo magari mengine huwa na sakafu, hadi akahisi changarawe za barabara kupitia soksi. Kiatu kilibaki juu, kimenaswa na nyuzi.

Alikaa hivyo kwa muda, mguu mmoja ndani ya gari na mmoja duniani. Kutoka nje ungesema ni mkurugenzi anatafakari. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Ila mkakasi walau una kipande cha mti.

Kuanzia hapo maisha ya nyumba ile yalipitia kiti cha nyuma. Geti lilikuwa moja, na gari lilikuwa getini. Ukitaka kuingia unafungua mlango wa upande wa barabara, unakaa, unateleza juu ya ngozi nyeusi hadi upande wa pili, unatokea uani. Muuza maziwa aliteleza na kopo lake. Jirani aliyekuja kuomba chumvi aliteleza akaenda, akateleza akarudi, kisha akakumbuka kwamba hajaomba pilipili. Ilifika mahali watu wasio na shida yoyote wakaja kusalimia. Mkewe, jioni ile, aliingia na kapu lake upande mmoja, akatokea upande wa pili, akajipangusa sketi.

"Kiti kizuri," alimwambia mumewe. "Kimeniingiza nyumbani bila kuniuliza ninakotoka. Sijui chombo chenyewe kitafika wapi."

Mtu mmoja tu hakuteleza.

Mama alitoka chumbani na mkongojo wake, akaja mpaka getini. Akalitazama gari tangu pua hadi mapezi. Akanyoosha mkono, kwanza akausitisha hewani, kama mtu anayengoja kukatazwa. Hakuna aliyemkataza. Akauweka juu ya bati jeusi.

"Ni lenyewe," alisema.

"Ni lenyewe, mama."

"Linakwenda?"

"Litakwenda."

"Basi siku litakapokwenda nitakaa."

"Mama, kaa tu sasa ujaribu. Wote wamekaa. Muuza maziwa amekaa."

"Ndiyo maana," mama akasema. "Baba yako aliniahidi kiti, hakuniahidi uchochoro. Mimi sitapita humo kama paka anayekatiza jikoni. Likienda, nitapanda. Lisipoenda, mwambie dada yako nimekwama kwa mwanangu, aje kunichukua juu ya ukuta."

Akarudi chumbani kufunga mizigo. Mwalimu akabaki ameushika mlango wa gari. Kupigwa na watu asiowajua angeweza kukumeza, kuna siku mtu humeza hata mfupa. Lakini Jumamosi basi lingeondoka, na mama huyu hakuwahi kutania kuhusu jambo alilolisema kwa sauti ya chini.

Akapiga simu kwenye kampuni. Sauti ya dada mmoja mpole, iliyorekodiwa tangu zama za amani, ilimwambia kwamba malalamiko yake ni muhimu sana kwao, kisha ikamwekea muziki. Alipiga tena na tena hadi mkewe akaujua muziki ule akawa anaupiga mluzi akiosha vyombo. Hatimaye akapatikana mtu mwenye pumzi, akasema, "Usijali mzee. Tutakutumia mkaguzi yuleyule aliyelikagua, aje Jumamosi asubuhi kukagua malalamiko."

"Kukagua gari," Mwalimu akamsahihisha.

"Malalamiko," yule akasema, akakata simu.

Jumamosi asubuhi, mabegi ya mama yakiwa tayari uani, mkaguzi aliwasili kwa pikipiki. Alikuwa mtu wa makamo, mnene wa wastani, shati limepigwa pasi mpaka linakata, beji kifuani imeandikwa MKAGUZI HURU. Alifungua mlango wa gari, akakaa, akateleza, akatokea uani akinyoosha mkono.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyelikagua hili?"

"Ndiye mimi."

"Uliliona wapi?"

"Kwenye mfumo."

"Mfumo uko mtaa gani?"

Mkaguzi akacheka kwa adabu. "Muuzaji anatuma picha, Mwalimu. Mimi nafungua fomu, naangalia picha, najibu maswali. Nikisema nikaliguse kila gari, kwa siku nitakagua mangapi?"

"Na huo uhuru wako?"

"Sijaajiriwa na mtu. Nalipwa kwa kila gari."

"Na nani?"

"Na muuzaji. Lakini simjui, inapitia kwa kampuni. Ndiyo uhuru wenyewe."

Mke wa Mwalimu, aliyekuwa ameegemea mlango wa jikoni, akasema, "Huyu hata bomba hajawahi kuchungulia."

Mwalimu akaomba aonyeshwe maswali. Mkaguzi hakuwa na la kuficha, maskini. Alimpa simu yake kwa moyo mweupe kabisa. Je, injini ipo? Ipo. Je, usukani upo? Upo. Je, breki zipo? Zipo. Je, sakafu ipo?

"Sakafu uliionaje?"

"Niliona zulia. Nikasema zulia haliwezi kukaa hewani."

"Limeweza," Mwalimu akasema.

Akaendelea kusoma, na kadiri alivyosoma ndivyo masikio yake yalivyopata joto. Maswali yale aliyajua. Si haya yenyewe, ila ndugu zao wa tumbo moja. Miaka yote aliyofundisha alikuwa akitunga mitihani ya "taja": taja milima, taja mito, taja sababu. Hakupenda "eleza", kwa kuwa anayeeleza anaandika kurasa na mwalimu naye ana usingizi. Mwanafunzi akitaja mto, alama. Kama mto una maji au umekauka, hilo halikuwa na sehemu kwenye mwongozo wa kusahihishia.

Akatafuta pa kushikia. "Lakini kisahani cha majivu ulikiona. Ufa ule mdogo uliuona. Mtu mzembe asingeuona."

"Ah, kile." Mkaguzi akashusha sauti kama anayempa mtoto pipi. "Hilo tumefundishwa. Gari likipata mia kwa mia, mteja anaogopa. Lazima ukate kidogo, na ukate pasipouma. Kisahani cha majivu hakina kesi. Magari yangu yote yana kisahani kilichopasuka."

"Na lisilokuwa na kisahani?"

"Hilo nalikata kwa kutokuwa nacho."

Mwalimu akavua miwani. Mkewe hakumcheka, na katika ndoa yao huo ulikuwa upole wa kiwango cha juu.

Mkaguzi akachukua simu yake, akakohoa kidogo, akaanza kazi iliyomleta. Akagusa kioo kwa kidole kimoja. "Mlalamikaji yupo? Yupo. Gari lipo? Lipo. Malalamiko yapo?" Akamwangalia Mwalimu. "Yapo?"

"Yapo."

"Yapo. Hongera, Mwalimu. Malalamiko yako yamepata tisini na nane."

Mwalimu, kwa mazoea ambayo hayakumwacha hata kwenye msiba wake mwenyewe, akauliza, "Mbili zimekwenda wapi?"

"Kwenye simu ulipandisha sauti."

"Na sasa?"

"Sasa yamefaulu. Malalamiko yakifaulu yanafungwa. Zingeshindwa ndiyo yangerudiwa."

"Yangeshindwa," Mwalimu akamsahihisha.

Mkaguzi akaaga vizuri, akageuka kwenda getini. Getini akamkuta mama. Mama alikuwa ameweka kiti cha jikoni mbele ya mlango wa gari, amekaa, mabegi kulia na kushoto, mkongojo umelala magotini kama kizuizi cha barabara. Mtandio wake mzuri, viatu vya safari.

"Shikamoo, bibi. Naomba nipite."

"Marahaba, mwanangu. Na mimi naomba nipite. Teksi yangu inangoja kule kwenye kona, haiwezi kuingia mtaani kwa sababu ya gari lako."

"Si langu, bibi. La Mwalimu."

"Mwanangu alinunua karatasi. Karatasi ni yako. Basi mimi nitatoka humu gari likitembea, na wewe utatoka nikishatoka mimi. Kaa, chai ya asubuhi ipo."

Kwenye kona teksi ikapiga honi. Mkaguzi akautazama ukuta. Ulikuwa mrefu, na juu yake vimepangwa vipande vya chupa. Akatazama tumbo lake. Akafungua vifungo vya mikono ya shati.

Mke wa Mwalimu ndiye aliyeongoza, maana dukani kwake alikwishauliza mafundi wanaokuja kununua misumari, nao walimwambia: breki za nyuma zimeganda kwa kutu, zimwagie mafuta ya kulegeza, gonga kwa nyundo, gonga tena. Mafuta aliyaleta tangu jana, nyundo pia, ila alikuwa akingoja mwanaume mwenye shati safi. Mkaguzi akateleza kwenye kiti hadi barabarani, mama akimsindikiza kwa jicho na ufunguo wa pikipiki yake ukiwa umebaki uani, mapajani mwa bibi, kama dhamana. Akalala chali, akaingia chini ya gari.

Miguu tu ndiyo ilibaki nje.

"Vipi huko?" Mwalimu akauliza kutoka kwenye usukani.

"Nakuona, Mwalimu," sauti ikajibu. "Nakuona mpaka kwenye kola."

"Hujawahi kuingia chini ya gari?"

"Sijawahi. Kumbe ndiko kulikojaa mambo."

"Gonga," mke wa Mwalimu akasema.

Akagonga. Kutu ikamwagika kama mvua ya pilipili, juu ya pasi, juu ya beji. Akahamia gurudumu la pili, akagonga, akatukana kidogo, akaomba radhi kwa bibi, akagonga. Ndipo gari likatoa mlio wa mtu anayenyoosha mgongo, likasogea mbele kidogo na kuachia upenyo mwembamba kati yake na ukuta. Mkaguzi akatoka chini yake kwa kasi ambayo hakuna fomu ingeiamini.

Mke wa Mwalimu aling'oa mlango wa kabati la jikoni, akautandika chini ya kiti cha nyuma mahali sakafu ilipokuwa haipo. Kisha wakasimama wote, wakamtazama mama.

Mama akainuka. Mwalimu akaruka kutoka mbele, akazunguka kupitia nyuma ya gari na kutambaa pembeni ya ukuta hadi uani, akamfungulia mlango. Ulikuwa umefunguliwa tayari, kwa hiyo aliufunga kwanza ndipo aufungue. Mama aliingiza mguu mmoja, akauleta wa pili kwa mkono, akakaa. Akaweka mkoba mapajani, mabegi yake yakapangwa pembeni mwake. Akatengeneza mtandio. Akaegemea nyuma polepole, kama mtu anayeingia maji asiyoyajua kina.

"Harufu yake si hii," alisema baadaye.

"Ilikuwaje, mama?" mkwewe akauliza.

"Baba yenu alikuwa akirudi nayo shatini. Ngozi, petroli na manukato ya bosi. Nilikuwa nikifua shati, nafua gari." Akapapasa kiti. "Ila ulaini ni huu. Aliniambia ni laini, nikadhani ananiongezea chumvi. Dereva, twende."

Mwalimu akarudi kwenye usukani. Nyuma wakashika mkewe na mkaguzi, na muuza maziwa, aliyekuwa anakuja kuteleza na kopo lake, akaliweka chini akaongeza bega. Wakasukuma. Gari likaguna, likakataa, likafikiri, likaenda. Kwa kuwa miguu ya Mwalimu ilikuwa inagusa barabara, naye alitembea mlemle ndani, amekaa, akipiga hatua ndogondogo kama bata anayekwenda mkutanoni, mikono kwenye usukani, uso mbele.

Majirani wakatoka milangoni. Hakuna aliyecheka kwa sauti. Mama aliwapungia kwa vidole viwili tu, kama wanavyopunga watu wanaokaa nyuma.

"Dereva, kuna shimo kushoto."

"Nimeliona, mama."

"Umeliona kwa macho au kwenye simu?"

Mgongoni mwa gari mkaguzi akaanza kucheka, akakosa pumzi, gari nusura limrudie. Mke wa Mwalimu akamwambia asukume, kucheka atacheka akifika.

Mtaa ule si mrefu. Ukiutembea kwa kwenda dukani huusikii. Lakini mama aliutazama wote, nyumba kwa nyumba, kupitia dirisha lile, kana kwamba ameletwa mji mpya na anatafuta pa kupanga. Katikati ya mtaa akaacha kumwelekeza dereva mashimo. Mwalimu akaangalia kwenye kioo kidogo cha juu kuona kama analia. Kioo kilikuwa kimedondoka siku nyingi. Palikuwa na gundi tu. Hakugeuka. Dereva hageuki.

Walipofika kwenye kona, gari likasimama lenyewe, maana huko ndiko barabara ilikoanza kupanda na mkaguzi alikoanza kukaa chini. Mwalimu akatoka, akazunguka, akafungua mlango. Kitasa kikabaki mkononi mwake, lakini mlango ulifunguka, na hilo ndilo alilohitaji. Akampa mama mkono mwingine.

Mama hakushuka mara moja.

"Wamekuibia, mwanangu."

"Wameniibia, mama."

"Sana?"

"Sana."

Mama akatikisa kichwa. Akaupokea mkono, akashuka, akasimama akishikilia ukingo wa mlango mpaka magoti yalipokubali. "Haya. Mimi nimekaa," alisema. "Sasa wewe na huyo mwenzako wa fomu mtajua la kufanya na hilo bati. Ufunguo wa pikipiki yake umpe, uko kwa mkwe wangu."

Dereva wa teksi, kijana mstaarabu, alikuwa ameshapakia mabegi na kufungua mlango wa nyuma kwa heshima zote. Mama akampita. Akafungua mwenyewe mlango wa mbele, akaingia, akavuta mkanda.

"Bibi, huku nyuma ndiko kuna nafasi," dereva akasema.

"Nyuma nimeshakaa," mama akajibu. "Huku mbele nataka kuona njia."